Moto Unaoanzia Kwenye Skrubu

Alfajiri ya tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa abiria wanaowasili kutoka nchi za nje katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya miaka 15 tangu balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa kwa mabomu, hivyo wengi waliingiwa na hofu kwamba magaidi wamerudi. Wachunguzi hawakuona dalili ya ugaidi; walichotaja ni hitilafu ya umeme. Taarifa hiyo iliwatuliza watu, na mjadala ukaanza kupoa. Ndivyo inavyokuwa kwenye matukio mengi ya namna hii, liwe soko, bweni la shule au nyumba ya kupanga uswahilini: chanzo kikishatajwa kuwa umeme, tunalipokea jambo kama tunavyopokea radi, jambo lisilo na mwenyewe. Mimi naona inapaswa kuwa kinyume chake. Moto wa umeme ni miongoni mwa majanga machache yanayotoa taarifa mapema, wakati mwingine miezi mingi kabla, na sehemu zinazouzaa zinajulikana. Huzaliwa pale nyaya zinapoungana vibaya, na pale waya unapobebeshwa mzigo usio wake. Mfumo wa umeme wa jengo ni mtambo unaochakaa, lakini sisi tumeuchukulia kama msingi wa nyumba: umejengwa mara moja, umefukiwa, basi. Mpaka tutakapoanza kuukagua kila baada ya miaka kadhaa, tutaendelea kusikia chanzo kilekile.

Kwanza tuelewe joto linatoka wapi. Umeme ukipita kwenye waya wowote hutoa joto. Hilo halikwepeki, na ndilo tunalolitumia kwenye pasi na birika. James Prescott Joule, mwanasayansi wa Uingereza, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwamba joto hilo hukua kwa kasi kuliko mkondo wenyewe. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne; ukiongezeka mara tatu, joto huongezeka mara tisa. Kwa hiyo fundi anapochagua unene wa waya, anachoamua hasa ni kiasi cha joto ambacho waya ule utaweza kukitoa bila kujidhuru. Ndiyo sababu kwa kawaida taa hufungiwa waya wa 1.5, soketi waya wa 2.5, na jiko kubwa au hita ya maji waya wa 4 au wa 6, namba hizo zikiwa milimita za mraba za shaba. Ganda la plastiki linalofunika nyaya nyingi za majumbani limetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 za Selsiasi. Likizidishiwa hapo haliwaki papo hapo. Hukakamaa, hubadilika rangi, hupasuka polepole ndani ya paipu au juu ya dari, mahali ambapo hakuna anayetazama, na siku moja waya wa moto na nyutro hukutana uchi.

Hata hivyo, waya wa kipimo sahihi uliolazwa vizuri si mahali pa kwanza pa kutilia shaka. Pa kutazama kwa makini zaidi ni pale waya unapounganishwa na mwenzake, au unapoingia kwenye soketi, swichi au sakiti breka. Nyuma ya kila soketi kuna matundu matatu: la waya wa moto, la nyutro na la erthi, kila moja na skrubu yake ndogo. Skrubu ikikazwa barabara, shaba ya waya hushikamana na chuma cha soketi kwa upana wa kutosha. Ikiachwa legelege, au fundi akipunguza nyuzi za waya ili upenye kwenye tundu, mguso unaobaki ni mwembamba. Taa zitawaka, friji litafanya kazi, na mwenye nyumba hatakuwa na la kulalamikia. Tuseme mguso huo mbovu una ukinzani wa nusu ohmu, na birika lililochomekwa hapo pamoja na friji vinavuta ampea 10. Nukta hiyo, isiyozidi punje ya mtama, itatoa wati 50 za joto. Ni joto la chuma cha kuchomelea risasi anachotumia fundi redio, ila hiki kimefungiwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani, pengine nyuma ya kochi au kabati la nguo.

Kuanzia hapo uharibifu unajilisha wenyewe. Birika likichemsha, shaba hutanuka, likizimwa, husinyaa, na kila mara skrubu hulegea kidogo zaidi. Shaba iliyopata moto hufanya utando mweusi unaoupinga umeme, upinzani huongeza joto, joto huongeza utando. Plastiki iliyo karibu huanza kuoza na kutoa hewa yenye tindikali inayokula chuma kilichobaki. Katika miji ya pwani kama Tanga, Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, hewa ya chumvi na unyevu huharakisha mambo yote haya. Kuna majengo ambayo hayana ustahimilivu wowote wa kosa la namna hiyo. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimebebwa na dari za boriti kavu zilizokaa miaka mingi, na nyaya zake zimeongezwa kizazi baada ya kizazi juu ya kuta ambazo hazikujengwa zikitarajia umeme. Hoteli za makuti ufukweni nazo zina hatari yake, maana cheche moja inatosha.

Mwenye shaka kwamba maungio yana uzito kiasi hiki aangalie yaliyowakuta Wamarekani. Kati ya mwaka 1965 na 1973 hivi, bei ya shaba ilipopanda, nyumba nyingi huko zilifungwa nyaya za alumini. Alumini inapitisha umeme vizuri, na nyaya zenyewe zilikuwa za kipimo sahihi. Shida ilikuwa miishoni. Alumini hutanuka na kusinyaa zaidi ya shaba, ni laini hivyo hubonyea chini ya skrubu, na hufanya haraka utando usiopitisha umeme. Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilieleza kuwa nyumba zenye nyaya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi wa kuwa na ungio lililofikia hali ya kuweza kuwasha moto, zikilinganishwa na nyumba za shaba. Tofauti kubwa kiasi hicho imetokana na kinachotokea kwenye kiungo cha ukubwa wa kucha. Jambo hili linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu zipo nyaya bandia madukani zinazouzwa kama za shaba tupu kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Ukiukata waya huo kwa koleo, katikati huonekana nyeupe. Ukiipima kwenye mizani, roli yake ni nyepesi kuliko inavyopaswa. Mnunuzi anayefurahia bei ya chini analipia tatizo ambalo Marekani iliacha kulijenga nusu karne iliyopita. Alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania au ya KEBS kwa Kenya haimalizi udanganyifu wote, lakini kununua waya usio na alama wala jina la mtengenezaji ni kucheza pata potea na nyumba.

Chanzo cha pili ni mzigo, na hapa hesabu ndogo inafaa kuliko maonyo marefu. Chukua ekstensheni ya bei rahisi yenye matundu manne. Waya wake mara nyingi ni wa milimita za mraba 0.75, ambao umekusudiwa kubeba kama ampea 6. Chomeka birika la wati 2,000, jiko la sahani moja la wati 1,500 na pasi ya wati 1,200. Jumla ni wati 4,700, na kwa umeme wa volti 230 hizo ni zaidi kidogo ya ampea 20. Waya wa ampea 6 umebebeshwa zaidi ya mara tatu ya uwezo wake, na kwa kanuni ya Joule unazalisha joto la zaidi ya mara kumi na moja ya lile lililokusudiwa. Ukiwa umeviringwa, au umepitishwa chini ya zulia ili watoto wasijikwae, joto hilo halina pa kutokea. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi, kama ipo, inaweza kuvumilia ampea 20 kwa muda mrefu kabla ya kukatika. Katika ekstensheni nyingi za bei rahisi hata hiyo fyuzi haipo. Matundu manne yanamwambia mtumiaji kwamba vifaa vinne vinaruhusiwa, wakati waya unaoyalisha hauwezi kubeba hata kimoja kati ya vile viwili vikubwa.

Yanayotokea mzigo unapokutana na nyaya za kuungaunga yalionekana Burundi. Alfajiri ya tarehe 7 Desemba 2021 gereza la Gitega liliungua, na makamu wa rais wa nchi hiyo alitangaza kuwa wafungwa 38 wamefariki. Serikali ilisema chanzo ni shoti ya umeme. Gereza hilo lilijengwa kwa ajili ya watu 400 na wakati ule lilikuwa na zaidi ya 1,500, na miezi michache tu kabla, mwezi Agosti, lilikuwa limeshapata moto mwingine. Jengo likijazwa watu mara nne ya kipimo chake, umeme wake nao hujazwa: kila mwenye simu anatafuta pa kuchajia, kila kona inavutiwa taa. Lakini mtu asidhani kwamba haya ni ya magereza na vibanda vya masikini peke yake. Makumbusho ya Taifa ya Brazil mjini Rio de Janeiro, yaliyoanzishwa mwaka 1818, yaliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 na kupoteza sehemu kubwa ya hazina ya vitu takriban milioni 20. Polisi wa shirikisho walifuatilia moto hadi kwenye kiyoyozi cha ukumbi wa mikutano, wakakuta kwamba viyoyozi vitatu vya ukumbi huo havikuwa na breka kila kimoja yake kama inavyotakiwa, na kimojawapo hakikuwa na erthi. Miaka mia mbili ya kukusanya mifupa ya kale, wadudu, vyombo na lugha za watu wa Amerika ya Kusini ilipotea kwa kazi ambayo fundi makini angeirekebisha kwa siku moja.

Hapa msomaji anaweza kuuliza: sakiti breka zina kazi gani basi? Si ndizo zinazokata umeme hatari inapotokea? Zinakata, na nyumba isiyo nazo iko pabaya zaidi. Ila ni muhimu kujua zinaona nini na hazioni nini. Breka hulinda waya uliomo ukutani. Haijui chochote kuhusu ekstensheni uliyoichomeka. Tena haikatiki pale pale kipimo kinapozidi. Kwa viwango vya kimataifa, breka ya nyumbani inaruhusiwa kubeba asilimia 13 zaidi ya kipimo chake kwa saa nzima bila kukata, na inalazimika kukata ndani ya saa moja pale mkondo unapozidi kwa asilimia 45. Zile ampea 20 za mfano wetu zinapita kwenye breka ya ampea 20 bila kuisumbua, sembuse ya ampea 32. Na ungio legelege? Linapitisha ampea 10, mkondo wa kawaida kabisa machoni pa breka. Hata swichi inayokata umeme unapovuja, ile mafundi wanayoiita RCD, ambayo inaokoa maisha ya watu kwa kukata pale zinapovuja miliampea 30, haiwezi kulitambua, kwa kuwa hakuna kinachovuja: umeme wote ulioingia unarudi kwa nyutro kama kawaida. Zipo breka za aina mpya zinazotambua cheche, ambazo kanuni za Marekani zilianza kuzidai kwenye vyumba vya kulala katika toleo la mwaka 1999, lakini madukani kwetu bado ni adimu. Kwa ungio bovu, kinga tuliyo nayo leo ni jicho na mkono wa mtu.

Kibaya zaidi, hata kinga tuliyo nayo tunaiharibu wenyewe. Breka inayokatika kila jioni inasema kwamba mzigo umezidi au kuna waya ulioharibika. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anaondoa breka ya ampea 20 na kuweka ya 40, malalamiko yanakwisha. Kilichokwisha ni taarifa. Hatari imebaki na sasa haina mlinzi, kwa sababu waya wa 2.5 utaungua kabla breka ya 40 haijashtuka. Wanaotumia fyuzi za zamani hufanya hivyo hivyo kwa kukunja waya mnene mahali pa waya mwembamba wa fyuzi. Erthi nayo hupuuzwa kwa sababu nyumba huwaka vizuri bila yake. Lakini waya wa moto ukigusa bodi la hita au friji lisilo na erthi, hakuna njia ya umeme kurudi kwa wingi wa kutosha kuishtua breka, na chuma kinabaki na umeme kikisubiri mkono wa mtu au kikichemka taratibu.

Pingamizi kubwa zaidi, na lina ukweli ndani yake, ni kwamba mkosaji ni shirika la umeme. Umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, volti zinapanda na kushuka, vifaa vinaungua. Mwananchi atajilindaje na kosa la gridi? Ni kweli kwamba nyutro ya laini ya mtaani ikikatika, nyumba moja inaweza kupokea volti nyingi mno huku ya jirani ikipokea chache, na vifaa vikaungua nyumba hata kumi kwa mpigo. Hilo ni jukumu la shirika na linastahili kudaiwa bila haya. Hata hivyo, msukosuko wa gridi hukuta nyumba za mtaa mzima na huunguza moja. Hiyo iliyoungua mara nyingi ilikuwa na udhaifu wake uliokuwa unangoja. Na kukatika kwa umeme kwenyewe kuna hatari ambayo iko mikononi mwetu. Mtu anapiga pasi, umeme unakatika, anaiacha pasi juu ya nguo na kuondoka. Umeme unarudi saa tatu baadaye nyumba ikiwa tupu. Japani walijifunza jambo hili kwa maumivu baada ya tetemeko la Kobe la tarehe 17 Januari 1995: kati ya mioto iliyojulikana chanzo chake, zaidi ya nusu ilihusishwa na umeme, mingi ikitokea umeme uliporudishwa kwenye nyumba zilizobomoka zenye hita na nyaya zilizojeruhiwa. Baadaye walitengeneza breka zinazojikata tetemeko linapopita. Sisi tusio na matetemeko ya namna ile tunaweza kufanya jambo jepesi zaidi: umeme ukikatika, chomoa pasi, jiko na hita, acha taa moja ikuambie umerudi.

Wapo pia wanaosema nyumba zao zina miaka 30 na hazijawahi kupata shida, kwa hiyo nyaya zao ni nzuri. Hoja hii inasahau kuwa nyumba ya miaka 30 iliyopita haikuwa na maisha ya leo. Ilifungwa umeme kwa ajili ya taa, redio, feni na pengine friji. Leo nyaya zile zile zinalisha kiyoyozi, hita ya kuogea, mashine ya kufulia, pampu ya maji na jiko. Na mzigo unaelekea kuongezeka, tena kwa sababu njema. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa 2024 hadi 2034, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza umeme wa kutosha kuufanya mpango huo uwezekane. Nauunga mkono kwa moyo wote. Moshi wa kuni na mkaa unaua akina mama na watoto, na sufuria ya presha ya umeme ya wati 1,000 ni mzigo mdogo kwa soketi iliyo salama. Lakini kuhamisha jiko kutoka uani kwenda kwenye soketi maana yake ni kuhamisha moto kwenda ndani ya waya. Kila mpango unaogawa majiko ya umeme ungepaswa kuambatana na swali moja: jiko hili litachomekwa wapi, na nyuma ya soketi hiyo kuna nini?

Ukaguzi ninaouzungumzia una ngazi mbili. Ya kwanza haihitaji fundi. Baada ya pasi au birika kutumika kwa muda, gusa plagi yake: ikiwa imepata moto wa kuuchoma mkono, mguso ndani ni mbovu. Tazama uso wa soketi kama una doa la kahawia kando ya tundu. Sikiliza swichi inayotatarika. Zingatia taa zinazopepesa kila friji linapowaka, na harufu ya samaki isiyo na samaki jikoni, kwani baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto kupita kiasi hunuka hivyo. Soketi yenye dalili hizo isitumike tena hata kwa kuchaji simu mpaka ibadilishwe, na mtu asiye fundi asiifungue. Ngazi ya pili ni ya fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania hutolewa na EWURA na Kenya na EPRA. Atazima meni swichi, atakaza upya kila skrubu kwenye kisanduku cha breka, atafungua soketi zinazobeba mizigo mikubwa, atalinganisha kila breka na unene wa waya wake, atapima erthi, na kwa kifaa kiitwacho mega atapitisha volti 500 ili aone kama maganda ya nyaya bado yanazuia umeme. Kipimo kikishuka chini ya megaohmu moja, waya huo umechoka. Kwa nyumba ya vyumba vitatu, kazi hiyo haimalizi siku nzima.

Gharama ndiyo pingamizi la mwisho, na ndilo linalogusa wengi. Mpangaji atasema nyumba si yake. Mwenye nyumba atasema kodi haitoshi. Fundi mwenye leseni anadai zaidi ya kijana wa mtaani. Kumwachia kila mtu aamue peke yake hakutafanikiwa, kwa sababu anayelala chini ya waya mbovu mara nyingi siye anayeumiliki, na moto ukishaanza hauchagui ukuta wa nani. Nchi nyingine zimeliona hilo. Uingereza, katika sehemu ya England, sheria iliyoanza mwaka 2020 inamlazimu mwenye nyumba ya kupangisha kuhakikisha mfumo wa umeme unakaguliwa angalau kila baada ya miaka mitano na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Japani imekwenda mbali zaidi: sheria inayataka makampuni ya umeme kuhakikisha nyumba za wateja wao zinakaguliwa angalau mara moja katika miaka minne, na mkaguzi hamtozi mwenye nyumba ada mlangoni. Kwetu, nyumba hukaguliwa siku ya kuunganishwa umeme. Baada ya hapo mita inaweza kufanya kazi miaka 40 bila mtu kurudi kuuliza kilichoongezwa nyuma yake.

Hatuanzii patupu. Tangu Agosti 2021 serikali ya Tanzania imekuwa ikikusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, kodi hiyo ilipoanza ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Maana yake upo tayari mfumo unaojua kila mita ilipo, unaogusa kila nyumba kila mwezi, na unaokusanya fedha kwa jina la jengo. Sehemu ndogo ya makusanyo hayo ikitengwa, inaweza kulipia fundi wa kuzunguka mtaa kwa mtaa kwa zamu, na matokeo ya ukaguzi yakaandikwa kwenye namba ya mita ili mpangaji anayetafuta nyumba aweze kuuliza. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua majengo chini ya sheria ya mwaka 2007. Likishirikiana na shirika la umeme, TANESCO, na wakaguzi wa EWURA, lingekuwa na orodha ya wapi pa kwenda kwanza badala ya kungoja simu ya 114. Nyumba zote haziwezi kufikiwa mwaka wa kwanza, wala si lazima. Kazi ianze na mabweni ya shule, masoko, nyumba za wageni, na mita zilizofungwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, na wakaguzi waende na bisibisi mkononi, wafungue na kukaza, wasiishie kujaza fomu.